Stanley au Norfolk? Hoteli mbili kongwe za katikati ya Nairobi, na ipi inakufaa wewe

Anayetaka kulala kwenye hoteli kongwe ya kifahari katikati ya Nairobi hana orodha ndefu ya kuchagulia. InterContinental ilifungwa 2020. Hilton, iliyofunguliwa 1969 na kuwa alama ya mji kwa mnara wake wa duara, ilifunga milango mwishoni mwa 2022. Hoteli mpya zinajengwa Westlands, Upper Hill na Gigiri, na katikati ya mji yamebaki majina mawili yanayokaribiana umri na Nairobi yenyewe. Sarova Stanley iko kwenye kona ya Mtaa wa Kimathi na Barabara ya Kenyatta. Fairmont The Norfolk iko kwenye Barabara ya Harry Thuku, ng'ambo ya Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza. Kutoka moja hadi nyingine ni kama robo saa kwa miguu.

Wageni wengi huzilinganisha kwa nyota na picha za vyumba, na hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu picha zinafanana. Kote kuwili utapata shuka safi, maji ya moto, kiamshakinywa cha meza ndefu na wahudumu waliofunzwa vizuri. Tofauti kubwa haionekani kwenye picha. Stanley inakuweka ndani ya Nairobi: ukivuka mlango, uko mtaani na watu wanaokwenda kazini. Norfolk inakupa bustani iliyozungushiwa majengo, na mji unabaki nje mpaka utakapoutaka. Ukishajua lipi kati ya hayo mawili ndilo unalolitafuta, nusu ya uamuzi umekwisha.

Nusu ya pili ni historia. Hoteli ya kihistoria inakutoza na historia yake, kwa hiyo ni haki yako kujua unalipia ipi.

Zilikotoka

Reli ilifika Nairobi 1899. Miaka mitatu baadaye, 1902, mwanamke Mwingereza aitwaye Mayence Bent alianza kulaza wageni juu ya duka moja katika mtaa ulioitwa Victoria, ambao leo ni Mtaa wa Tom Mboya. Hiyo ndiyo mbegu ya Stanley. Nyumba za mtaa huo zilikuwa za mbao na mabati, na moto wa 1905 ukazila. Bi. Bent akaanza upya kwingine, na 1913 hoteli ikafika ilipo sasa, ikijulikana kama New Stanley. Jina ni la Henry Morton Stanley, msafiri aliyevuka bara akiwa na mamia ya wapagazi wa Unguja na pwani ambao majina yao hayakupewa hoteli yoyote.

Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi, 1904, na ilijengwa tangu mwanzo kwa ajili ya mabwana. Ilikuwa ndefu, ya chini, ina baraza mbele ya kufungia farasi na kunywea wiski. Walowezi waliiita Nyumba ya Malodi kwa wingi wa makabaila wa Kiingereza waliofikia hapo. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda 1909, baada tu ya kutoka madarakani Marekani, alikuwa miongoni mwa wageni wake. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, alikuwa mtu wa pale pale, na inasimuliwa kwamba aliwahi kuingia na farasi mpaka chumba cha kulia.

Halafu kuna mtu aliyeziunganisha. Abraham Block, Myahudi kutoka Lithuania aliyepitia Afrika Kusini, aliingia nchini 1903 mikono mitupu. Inasimuliwa kwamba moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kushona magodoro ya nyasi kavu na kumuuzia Bi. Bent. Mwaka 1927 aliinunua Norfolk, na 1947 akainunua New Stanley. Kwa miaka thelathini hivi hoteli hizi mbili, ambazo leo tunazilinganisha kama mahasimu, zilikuwa za familia moja. Mwaka 1978 Stanley ikaenda kwa Sarova, kampuni ya Kenya, na imebaki humo hadi leo. Norfolk ilipitia mikono kadhaa, na sasa inaendeshwa chini ya jina la Fairmont.

Kwa wengine hilo la mwenyewe lina uzito. Ukipenda fedha yako ibaki zaidi kwa mwendeshaji wa hapa nyumbani, Stanley ina hoja. Ukiwa mwanachama wa mpango wa pointi wa kundi la kimataifa la Accor, ambalo Fairmont imo, Norfolk itakurudishia kitu.

Historia ambayo haiko kwenye vipeperushi

Hapa sitapita haraka, maana ndipo hoteli hizi zinapotofautiana kwa kina, na ndipo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza maswali ambayo mtalii wa London hatayauliza.

Mtoke Norfolk kwa mguu, mkishuka Barabara ya Harry Thuku kuelekea University Way. Baada ya dakika chache mtafika kituo cha polisi cha Central. Tarehe 14 Machi 1922 serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu kwenye Hazina na kuongoza East African Association, chama kilichopinga kipande (kitambulisho cha lazima cha Waafrika), kodi ya kibanda na kulazimishwa kwa wanawake kufanya kazi mashambani. Maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo kudai aachiwe. Tarehe 16, wazee waliotumwa kuzungumza na serikali waliporudi na kuwaomba watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru alijitokeza akawasuta wanaume kwa uoga wao, akainua nguo yake juu kwa ishara ambayo katika mila za Kikuyu ni dharau kubwa, na umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao wakajiunga kufyatua. Serikali ilikiri vifo vya watu zaidi ya ishirini, na waliokuwepo walitaja idadi kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa mmoja wa wa kwanza kuanguka.

Leo anwani ya hoteli ni Barabara ya Harry Thuku, na mkahawa wake wa mbele umebeba kwa miaka mingi jina la Lord Delamere. Mtu anayeketi pale kwa chai yuko katikati ya majina hayo mawili. Wapo wanaoona hilo ni sababu ya kutokanyaga. Mimi naona ni sababu ya kwenda, mradi uende ukijua. Baraza ile ililindwa isiingiwe na mtu mweusi ila akiwa amebeba sinia, na mjukuu wa aliyebeba sinia akiketi leo na kuagiza anachotaka, anaketi kwa haki. Ningependa kila mgeni wa Norfolk aanze kwa kutembea hadi Central na kurudi. (Usipige picha ya kituo. Polisi hawapendi, na hutaki kuanza safari yako kwa maelezo marefu.)

Norfolk ina jeraha lingine. Usiku wa 31 Desemba 1980, watu wakisherehekea mwaka mpya, bomu lililipuka na kubomoa sehemu ya hoteli. Zaidi ya watu kumi walikufa na makumi wakajeruhiwa. Lilihusishwa na kisasi kwa msaada ambao Kenya iliipa Israeli kwenye operesheni ya kuokoa mateka Entebbe, Uganda, Julai 1976, hoteli ikiwa bado inajulikana kama mali ya familia ya Block. Sehemu iliyoharibika ilijengwa upya, na mgeni asiyeambiwa hataona kitu.

Stanley nayo haikuwa nyumba ya malaika. Ubaguzi wa rangi ulikuwa desturi ya hoteli kubwa za Nairobi hadi miaka ya mwisho ya ukoloni, kwa Mwafrika na kwa Mhindi. Lakini mitaa inayoizunguka imebadilishwa kwa macho ya watu wote. Delamere Avenue imekuwa Barabara ya Kenyatta. Sanamu ya Delamere, iliyokuwa imekaa karibu na hoteli, iliondolewa uhuru ulipoingia. Mtaa wa pembeni, uliokuwa Hardinge, ni Mtaa wa Kimathi, na ukiufuata kwenda Mtaa wa Mama Ngina utamkuta Dedan Kimathi wa shaba, bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili, aliyesimamishwa 2007, miaka hamsini baada ya kunyongwa.

Stanley ilikuwa pia mahali pa biashara kuliko pa makabaila. Soko la Hisa la Nairobi lilipoanzishwa 1954, lilifanyia shughuli zake humo hotelini: madalali walikutana, wakaitana bei, wakanywa kahawa. Baa iitwayo Exchange imechukua jina lake kutoka huko, na bado ina viti vya ngozi na mbao nyeusi za mtindo wa wakati ule. Chini, kwenye mkahawa wa Thorn Tree uliofunguliwa 1959, ulisimama mgunga ambao wasafiri waliokuwa wakivuka Afrika kwa barabara walibandika barua kwenye shina lake: fulani amepita, anaelekea Kampala, mwenzake amfuate. Enzi hiyo simu ya mkononi haikuwepo, na mti ulifanya kazi ya posta. Mgunga uliopo sasa si ule wa kwanza, lakini uko pale pale.

Mahali, na unachoweza kufikia kwa miguu

Hapa Stanley inashinda, na kwa mbali. Msikiti wa Jamia, wenye kuba zake tatu, uko dakika tano tu. Anayetaka kuswali jamaa bila kutafuta gari hana haja ya kusoma zaidi. Pembeni ya msikiti kuna Maktaba ya McMillan ya 1931 na simba wake wa mawe mlangoni. Soko la City, jengo la miaka ya 1930 lenye paa la juu sana, lina maua, vinyago na nyama. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa iko Moi Avenue, na ghorofa ya chini ina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais na mpenda sanaa mkubwa kuliko wote waliowahi kushika cheo hicho. KICC, jumba refu la mikutano ya kimataifa, iko mbele kidogo, na paa lake linaonyesha mji wote.

Kimoja nitakisimamia kidogo, kwa sababu watu hukipita bila kutazama. Kwenye Barabara ya Kenyatta, hatua chache kutoka Stanley, kuna sanamu tatu za shaba za mwaka 1928. Ni ukumbusho wa askari wa Kiafrika na wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Tazama nyuso, tazama miguu. Wapagazi wale, wa Carrier Corps, ndio waliowapa jina Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya hapa Nairobi, na walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Watu hupita hapo asubuhi na kahawa mkononi, wauza magazeti wametandaza kurasa chini, mng'arisha viatu anapiga brashi yake kwenye sanduku kuita mteja. Mgeni wa Norfolk ataifikia sanamu hii akiamua. Mgeni wa Stanley ataipita kila siku apende asipende.

Norfolk ina majirani wa aina nyingine. Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, wa 1952, uko ng'ambo ya barabara tu: unaweza kutazama mchezo jioni na kurudi kitandani bila teksi. KBC, shirika la utangazaji la taifa, iko barabara hiyo hiyo, kwa hiyo sauti za Idhaa ya Kiswahili ulizokua ukizisikia redioni zinatoka jirani yako. Chuo Kikuu cha Nairobi kimeizunguka, pamoja na uhai wake wote wa mijadala na vitabu. Jumba la Makumbusho la Kitaifa, ambamo mifupa ya Kijana wa Turkana iliyoanza kuonekana kwa jicho kali la Kamoya Kimeu mwaka 1984 imehifadhiwa, ni safari fupi ya gari au matembezi ya wastani. Kwa mwenye watoto, makumbusho hayo peke yake yanaweza kuamua.

Kufika: ukitokea uwanja wa Jomo Kenyatta kwa barabara ya juu ya kulipia, shuka Museum Hill kwa Norfolk na Haile Selassie kwa Stanley. Norfolk ni rahisi zaidi kwa mwenye gari, maana unaingia, unaegesha, umemaliza. Kuingia Mtaa wa Kimathi saa kumi na moja jioni kunahitaji subira. Anayekuja kwa basi kutoka Mombasa, Arusha, Dar au Kampala atateremkia zaidi upande wa River Road, na Stanley iko karibu, lakini ikiwa ni usiku au ana mizigo achukue teksi hata kwa umbali ule mdogo.

Jambo la kupima pia ni maandamano. Katikati ya mji ndiko Wakenya hupeleka madai yao, na tangu Juni 2024 tarehe 25 Juni na 7 Julai zimekuwa siku za barabara kufungwa na maduka kushusha milango. Stanley iko katikati kabisa ya hayo. Norfolk iko pembezoni kidogo, ingawa chuo kikuu kiko jirani. Ukiwa na ndege ya kuwahi au harusi ya kuhudhuria, epuka tarehe hizo, au lala nje ya mji.

Vyumba, kelele na baridi

Stanley ni jengo la ghorofa nyingi lenye vyumba zaidi ya mia mbili, kwa hiyo usimpe mpokezi nafasi ya kukuchagulia. Vya upande wa barabara vina mandhari na vina mji: honi, muziki wa Ijumaa, magari ya kupeleka bidhaa alfajiri. Mwenye usingizi mwepesi aombe ghorofa ya juu, upande usiotazama Mtaa wa Kimathi, na aombe wakati wa kuweka nafasi, si saa nne ya usiku akiwa na begi mkononi. Bwawa la kuogelea liko ghorofa ya tano, hewani, na kuogelea ukiwa umezungukwa na vichwa vya majengo ni raha ambayo Norfolk haina.

Norfolk ina vyumba vichache kidogo na majengo yake ni ya ghorofa chache, yaliyopangwa kuzunguka bustani yenye miti mikubwa na magari ya kale ya kutazama. Kwa mzee anayechoka na lifti, au mtoto anayetaka kukimbia kwenye nyasi, hakuna mashindano. Usiku unasikia ndege na maji. Mbele kuna ule uso wa mbao na chokaa wa mtindo wa kizamani wa Kiingereza, ambao wengine wanauona mzuri na mimi nauona unafaa zaidi mvua ya kwao kuliko jua la hapa, lakini bustani ya ndani sina neno nayo.

Wageni wa pwani na Dar, tafadhali msidharau mwinuko wa Nairobi, ambao ni karibu mita 1,800. Juni hadi Agosti asubuhi ni baridi ya kweli, na bwawa la wazi si la kila mtu. Ulizeni kama chumba kina kipasha joto au blanketi la ziada. Kwenye hoteli ya zamani msidhani kila chumba kimekarabatiwa mwaka mmoja. Swali la kuuliza ni "chumba hiki kilikarabatiwa lini?", na jibu linaweza kutofautisha vyumba viwili vya bei moja kwenye jengo lile lile.

Kula na kuketi

Kama lengo ni kuonja hoteli bila kulala, zote mbili zinakubali, na hapa mtu wa kipato cha kawaida ana nafasi yake. Kahawa Thorn Tree haikulazimishi kuwa na chumba, na chai ya alasiri Norfolk pia. Thorn Tree ni mahali pa kukutana na watu: waandishi wa habari, mawakili, wanaofunga mikataba midogo, dada aliyekuja kumpokea rafiki kutoka ughaibuni. Utasikia Kiswahili, Kiingereza na Sheng kwenye meza tatu zinazofuatana. Baraza ya Norfolk ni ya taratibu zaidi. Wanaokuja hapo wamekuja kukaa, na mhudumu hatakuharakisha.

Kwa chakula cha jioni cha sherehe, bustani ya Norfolk ina heshima yake, na ningempeleka mama mkwe huko bila wasiwasi. Kwa chakula cha haraka kabla ya mkutano wa saa mbili, Stanley. Na kwa anayetaka pilau, nyama choma au ugali na samaki wa Kisumu kwa bei ya mwananchi, Stanley inamfaa tena, kwa sababu akitoka mlangoni mikahawa imejaa mitaa yote ya jirani, ilhali Norfolk itamlazimu atembee au aagize gari.

Bei

Kwa kawaida Norfolk huwa juu ya Stanley, ingawa misimu hubadilisha mambo, na mikutano mikubwa ya kimataifa mjini hupandisha zote mbili. Mara nyingi bei hutajwa kwa dola. Uliza kama kuna bei ya wakazi, na kama kitambulisho chako cha Kenya, au cha Tanzania au Uganda, kinakubalika. Wengine hulipa zaidi kwa sababu tu hawakuuliza. Uliza pia kama bei uliyotajiwa tayari ina VAT ya asilimia 16, tozo ya utalii ya asilimia 2 na ada ya huduma, maana tofauti ya bei ya kwenye skrini na ya kwenye risiti inaweza kununua chakula cha watu wawili. Wikendi hoteli za katikati ya mji hupungukiwa na watu wa biashara, na hapo ndipo pa kutafuta punguzo, hasa Stanley.

Nani aende wapi

Anayekuja Nairobi mara ya kwanza na ana siku mbili au tatu, nampeleka Stanley bila kusita. Atauona mji kwa miguu mchana, atajua Moi Avenue iko wapi na Jamia iko wapi, na akirudi nyumbani atakuwa na Nairobi ya kusimulia, si bustani tu. Vivyo hivyo kwa mwenye mikutano wizarani, benki au mahakamani. Mchana atatembea. Usiku, hapana: hata wenyeji hawazururi mitaa ile baada ya saa tatu, na mlinzi wa mlangoni atakuitia gari kwa furaha.

Waliooana karibuni, wazee, wenye watoto wadogo, mtu aliyetoka safari ndefu ya Maasai Mara na vumbi nywele zote, hao Norfolk. Pia mtu wa tamthilia, mwalimu, mtafiti anayefanya kazi chuo kikuu. Na yeyote anayetaka kuelewa ukoloni wa Kenya mahali ulipokaa na kunywa, kwa sababu hakuna jengo lingine mjini linaloeleza hivyo kwa uwazi, mradi mgeni aje na maarifa yake mwenyewe.

Asiyefaa kokote kati ya hizo ni anayetaka twiga dirishani au ukimya wa msitu. Huyo aende Karen au Lang'ata, asijitese na foleni ya katikati ya mji.

Wenye usiku mmoja tu kabla ya ndege ya alfajiri wasilipie historia wasiyoweza kuitazama. Hoteli za karibu na uwanja zitawatosha. Lakini ukiwa na usiku mbili na huwezi kuamua, gawa: wa kwanza Stanley, ukiwa na nguvu za kutembea, wa pili Norfolk, ukiwa umechoka. Kuhama ni teksi ya dakika kumi. Piga simu kwa kila hoteli moja kwa moja, hata kama umeona bei nafuu mtandaoni, na uulize mambo manne: chumba kinatazama wapi, kilikarabatiwa lini, bei ina kodi zote au la, na saa ya kuondoka inaweza kusogezwa mpaka alasiri. Norfolk, ongeza moja: waulize kama bustani ina harusi siku hiyo, maana Jumamosi za Desemba na Agosti ngoma inaweza kupigwa mpaka usiku chini ya dirisha lako.